Mtoto si Ujira wa Subira

Mwishoni mwa Novemba 2023, katika hospitali moja ya Kampala, mwanamke wa miaka 70 alijifungua mapacha, wa kike na wa kiume. Mimba ilitungwa maabara kwa yai la mwanamke mwingine na mbegu za mwenzi wake, na miaka mitatu nyuma alikuwa amejifungua binti. Habari ya namna hii inapotoka, hata mhusika akiwa na miaka 45 tu na hakupita maabara yoyote, husikika kauli mbili. Ya kwanza husemwa kwa shangwe: Mungu wa Sara yupo, aliyesubiri amejibiwa, na wengine wakaze maombi. Ya pili husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingine na watu walewale wakishatoka kanisani au msikitini: amechelewa, anamwonea mtoto, nani atamlea? Kauli hizi zinaonekana kupingana, lakini zimekaa juu ya msingi mmoja. Zote mbili zinamchukulia mtoto kama kitu ambacho mtu hukistahili baada ya kutimiza sharti. Kwa wa kwanza sharti ni kusubiri, na aliyesubiri sana amelipwa. Kwa wa pili sharti ni kuwahi, na aliyefika dirisha limeshafungwa hana cha kudai. Nataka kuonyesha kwamba msingi huo haumo katika maandiko yanayotajwa kuutetea, kwamba unawaumiza waliopata na waliokosa, na kwamba tukiuondoa tunabaki na swali gumu zaidi na la haki zaidi kuhusu mama aliyezaa umri ukiwa umekwenda: amejifunga kumfanyia mtoto huyo nini?

Tuanze na Sara, maana ndiye anayeitwa shahidi kila mara. Katika mahubiri mengi ya kwetu Sara ni kielelezo cha subira: alingoja hadi miaka 90, mumewe akiwa na 100, naye akapata. "Subira yavuta heri" huongezwa hapo kana kwamba nayo ni aya. Lakini Sara wa kitabu cha Mwanzo hakusubiri. Baada ya miaka 10 ya kukaa Kanaani alichoka, akamtoa mjakazi wake Hajiri kwa Ibrahimu ili ajipatie mwana kupitia kwake. Mpango ulipofaulu akauchukia, akamtesa Hajiri hadi akakimbilia jangwani. Miaka 13 baada ya Ishmaeli kuzaliwa, wageni walipoleta habari ya mwana mwingine, Sara alicheka moyoni kwa kutoamini, kisha akakana kwamba alicheka. (Ibrahimu naye alikuwa amecheka, sura moja kabla, tena kifudifudi, na hakuna aliyemuuliza. Aya hiyo haihubiriwi sana.) Qur'ani nayo haimchori kama mtu aliyekuwa akihesabu siku za malipo. Katika sura ya Hud anastaajabu itakuwaje azae yeye kikongwe, na mumewe ni mzee. Katika Adh-Dhariyat anapiga ukelele na kujipiga usoni. Huyo ni mtu aliyeletewa jambo ambalo hakulitazamia. Mfanyakazi hajipigi usoni mshahara wake unapoingia.

Ushahidi wa Elisabeti na Zakaria una nguvu zaidi, kwa sababu Luka ameuandika kana kwamba alijua tutausoma vibaya. Kabla ya kusema kuwa hawakuwa na mtoto, anatangulia kusema kuwa wote wawili walikuwa wenye haki mbele za Mungu, wasio na lawama. Yaani uadilifu ulikuwapo miaka yote hiyo na mtoto hakuwapo. Kama mtoto ni ujira, tutalazimika kusema walicheleweshewa haki yao, na sijui mhubiri atakayethubutu kulitamka hilo. Habari njema ilipokuja, Zakaria hakuipokea kwa imani ya kupigiwa mfano. Alitaka uthibitisho, akafungwa ulimi hadi siku mtoto alipopewa jina. Katika sura ya Maryam ukimya wake ni ishara ya siku tatu, wala si adhabu, na dua yake inaanza kwa kukiri mifupa iliyodhoofika na kichwa kilichojaa mvi. Hataji wema wake hata mmoja kuwa hoja. Waislamu wengi wanaotafuta mtoto husoma dua za Zakaria hadi leo, na wanafanya vyema. Ila ni dua za mtu anayeomba kwa kuwa hana cha kudai. Na kuna jambo katika sura ya Aal-Imran ambalo halipewi uzito wake: Zakaria aliomba mtoto akiwa tayari mlezi wa Maryamu, binti wa watu wengine. Kila alipoingia mihrabuni alimkuta na riziki ambayo hakujua ilikotoka, na palepale ndipo alipoomba. Kwake malezi yalitangulia uzazi. Hana naye, ambaye kitabu cha Samweli hakitaji umri wake bali miaka aliyochokozwa na Penina mke mwenza, alipompata mwana na kumwachisha ziwa alimpeleka Shilo akamkabidhi kwa kuhani. Ujira mtu haurudishi. Kinachorudishwa ni amana.

Upande wa pili wa ushahidi ni wale ambao hawakupata kabisa. Sura ya Ash-Shura inaeleza kwamba Mungu humpa amtakaye wana wa kike, humpa amtakaye wa kiume, wengine huwachanganyia, na amtakaye humfanya tasa. Utasa umetajwa katika mgawo uleule, haukutengwa ukawekwa miongoni mwa adhabu. Bi Aisha hakuzaa, na baada ya Mtume Muhammad (S.A.W.) kufariki hakuwa na njia ya kuolewa tena, kwa kuwa wake wa Mtume waliharamishwa kwa wanaume wengine. Huyohuyo ndiye Mama wa Waumini, na sehemu kubwa ya hadithi tunazozijua zimepitia kwake. Hakuna Mwislamu atakayesema alipungukiwa na subira. Kwa upande wa Wakristo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kuwa mtoto ni zawadi, hawezi kudaiwa na mtu kama deni. Haya ni mafundisho rasmi kabisa, lakini yakifika kwenye mkesha wa maombi hupinduliwa. Aliyeshika mimba akiwa na miaka 46 hupandishwa jukwaani kutoa ushuhuda, na mwenzake wa miaka 46 aliyekaa safu ya nyuma, aliyefunga na kuomba kwa miaka ileile, huondoka akiwa ameambiwa bila kuambiwa kwamba kuna kitu hakukitimiza. Ukimtangaza mmoja kuwa amelipwa, umemtangaza mwingine kuwa amekatwa. Atauliza mtu: kama ni hivyo, maombi ni ya nini? Nadhani ni hapo tu maombi yanapopata maana. Kinachodaiwa hakiombwi, hudaiwa. Anayeomba anakiri kwamba yule anayeombwa yuko huru, na kwamba akijibiwa "hapana" hajadhulumiwa wala hajahukumiwa.

Sasa niwageukie wa kauli ya pili, wanaosema tatizo ni umri. Siamini kwamba ni umri. Katika jamii zetu mama wa watoto saba akijifungua wa nane akiwa na miaka 43, mtoto huyo huitwa kitindamimba, hudekezwa, na hakuna anayepiga hesabu mama atakuwa na miaka mingapi mtoto akimaliza kidato cha nne. Tafiti za kitaifa za mwaka 2022, zilizoipa Tanzania wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke na Kenya 3.4, huhesabu uzazi wa wanawake wa miaka 15 hadi 49, maana kuzaa ukiwa na miaka arobaini na kitu ni jambo la kawaida kiasi cha kuingizwa katika hesabu. Ila mwanamke wa umri uleule akizaa mtoto wa kwanza, ghafla kila jirani anakuwa mtaalamu wa hesabu. Kweli, kitindamimba ana kaka na dada wa kumshika mkono, na tofauti hiyo ni ya kweli, nitaifikia. Lakini siyo inayotajwa. Kinachosumbua ni kwamba mwenye watoto wanane alifuata ratiba na mwenye mmoja hakuifuata. Kwa wanaume ndiyo kabisa. Ibrahimu aliyesemwa kuwa mwili wake umekwisha kufa alioa tena baada ya Sara, Ketura akamzalia wana sita, na sijasikia akiitwa mbinafsi. Mzee wa leo akizaa na msichana husifiwa nguvu zake, ingawa utafiti uliofanywa Iceland na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kila mwaka unaoongezeka kwenye umri wa baba humwongezea mtoto mabadiliko mapya mawili hivi katika vinasaba. Waislamu, kwa upande wao, wana mfano wa karibu zaidi kuliko Sara. Riwaya iliyoenea inasema Bi Khadija alikuwa na miaka 40 alipoolewa na Mtume, naye ndiye mama wa watoto wake wote isipokuwa Ibrahim. Wapo wanaopendelea riwaya nyingine, ya miaka 28, na sababu yao moja ni kwamba kuzaa mara nyingi hivyo baada ya 40 ni vigumu kuaminika. Sitauamua mjadala huo. Ninachokiona ni kwamba karne kwa karne waumini walioishika riwaya ya 40 hawakuona ndani yake jambo la kutolea udhuru.

Pamoja na hayo, mwili una sheria zake na haujali hoja ya mtu. Msichana huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na 2. Akibalehe yamebaki kama 300,000 hadi 400,000, na hayaongezeki. Kadiri miaka inavyokwenda, yanayobaki hukosea zaidi katika kugawanya kromosomu. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down, ambao kwa mama wa miaka 25 haufiki 1 kwa 1,000, hukaribia 1 kwa 100 akiwa na miaka 40 na 1 kwa 30 akiwa na 45. Utafiti mkubwa wa Norway uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kwa wenye miaka 45 na zaidi mimba zaidi ya nusu huharibika, wakati kwa walio mwishoni mwa miaka ya ishirini ni kama moja katika kumi. Shinikizo la damu la ujauzito na kisukari cha mimba navyo huongezeka. Mwanamke anayeambiwa asubiri tu ana haki ya kuambiwa na haya. Wala si kweli kwamba kuyasema ni upungufu wa imani, kwa sababu simulizi la Sara lenyewe linayategemea: Mwanzo inaeleza wazi kuwa desturi ya wanawake ilikuwa imekoma kwake. Bila sheria hiyo ya mwili hapangekuwa na cha kushangaza, na anayeugeuza muujiza ule kuwa utaratibu wa kutarajiwa na kila mtu ameuondolea uajabu wake. Naliona hili kuwa kosa la kimaadili, na si la tafsiri tu. Mwanamke wa miaka 34 anayezuiwa kwenda kupimwa, huku mume naye hajapimwa na wala hakuna aliyewaza kumpima, ameibiwa miaka ambayo hakuna mkesha utakaoirudisha. Hata hivyo hatari ni sababu ya kuanza kliniki mapema na kujifungulia mahali penye chumba cha upasuaji. Haimkatazi mtu kuzaa, kama vile haijawahi kumkataza mama wa kitindamimba.

Maabara imelifanya swali kuwa kali zaidi. Tangu Louise Brown azaliwe Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, mimba ya kwanza iliyotungwa nje ya mwili kufikia kuzaliwa, wataalamu wamegundua kwamba kinachozeeka mapema ni yai kuliko mfuko wa uzazi. Mwanamke aliyekoma hedhi, akipewa homoni na yai la mwanamke kijana, anaweza kubeba mimba. Dini zilijibu haraka. Fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980 iliruhusu kutunga mimba nje ya mwili kwa yai na mbegu za mume na mke walio katika ndoa, ikakataza mtu wa tatu. Vatican ilikataa njia yenyewe mwaka 1987 katika waraka wa Donum Vitae. Nchini Iran, Ayatollah Khamenei alitoa fatwa mwaka 1999 iliyofungua mlango wa kutumia yai la mwanamke mwingine, kwa masharti. Tazama kilichowagawa: kwa Wasunni ni nasaba, kwa Wakatoliki ni tendo la ndoa kutenganishwa na uzazi. Uzazi ule wa Kampala ungekataliwa na mashehe wa Kisunni na maaskofu wa Kikatoliki vilevile kama mama angekuwa na miaka 30. Miaka 70 ambayo watu wa mtaani waliishangaa haikuwa kiini cha mjadala wa wanazuoni. Na palipo na uhuru zaidi, katika makanisa yasiyo na waraka wala fatwa, huzuka jambo jingine: mara nyingine ushuhuda unapotolewa, daktari na yai la mwanamke mwingine hufutwa ili muujiza ubaki safi. Huo ni uongo, na anayeulipia ni yule wa safu ya nyuma, anayejaribu kufikia kwa kufunga jambo ambalo mwenzake alilifikia kwa sindano na fedha nyingi.

Kama hakuna anayedaiwa mtoto, hoja hii inakata pande zote mbili, na sitaki nionekane naitumia upande unaopendeza tu. Mwanamke wa miaka 45 hawezi kuambiwa amepoteza haki yake kwa kuchelewa, kwa sababu haki hiyo haikuwahi kuwapo ikapotea. Lakini wala mwenye fedha na miaka 68 hawezi kuingia kliniki akasema ni haki yake. Sheria ya Kenya kwa kawaida haimruhusu mtu aliyepita miaka 65 kuasili mtoto. Dola inauliza umri hapo kwa sababu mtoto yupo, anaonekana, na ana wa kumsemea mahakamani. Mtoto ambaye bado ni mpango wa maabara hana wakili, na anayebaki kumwakilisha ni daktari, ambaye wakati huohuo ndiye anayelipwa. Mpangilio huo haunipi utulivu. Nikitakiwa kusema ninavyoona, nasema miaka 70 imepita kiasi, na lawama yake ni ya aliyeuza matumaini kuliko aliyeyanunua baada ya maisha mazima ya kudharauliwa. Mstari wenyewe upite wapi kati ya 45 na 70 sidhani falsafa inaweza kuuchora. Afya ya mama, watu alionao na njia ya kupata mimba vina uzito kuliko tarakimu. Ila mtoto akishazaliwa mjadala wa kama angezaliwa umefungwa, na kuuendeleza mbele yake ni ukatili.

Kuna pingamizi linalotoka kwetu wenyewe, nalo lina msomi wake. John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika jamii nyingi za bara hili mtu asiyezaa ni mwisho wa ukoo: waliomtangulia hukosa wa kuwakumbuka, na yeye mwenyewe akifa hufa kabisa. Kwa mtazamo huo mambo yanageuka: mtoto si malipo ambayo mwanamke anangojea, ni deni ambalo ukoo unamdai, na kulilipa akiwa na miaka 48 ni afadhali kuliko kutolilipa. Naheshimu uzito wa fikra hiyo, maana inajua kwamba mtu hazaliwi kwa ajili ya wawili tu. Lakini daftari ni lilelile, limegeuzwa tu ukurasa. Mwanamke anayezaa ili kulipa deni atasukumwa na wakwe hadi kwenye mimba ambayo moyo wake na shinikizo lake la damu haviwezi, na mtoto atakayezaliwa atakuwa risiti. Isitoshe, ukichukua kiini cha alichoeleza Mbiti, kwamba wafu huishi katika kumbukumbu za walio hai, huwezi kuufunga mlango huo kwenye tumbo la uzazi peke yake. Bi Aisha anakumbukwa kuliko wanawake wote wa zama zake waliozaa makumi.

Limebaki pingamizi la mtoto mwenyewe, na ndilo zito kuliko yote. Aristotle, katika kitabu cha saba cha utungo wake kuhusu siasa, alishauri mwanamke aolewe kwenye umri wa miaka 18 hivi na mwanaume karibu 37, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba wazazi wasipishane mno na watoto kwa umri, la sivyo wazee hawataonja shukrani ya watoto wala watoto hawatapata msaada wa wazee. Mwanzo inampa takwimu. Sara alikufa akiwa na miaka 127, Isaka akiwa na 37. Isaka alioa akiwa na 40. Kwa hiyo yule mama aliyengojea uzao miaka yote hakumwona mkwe, wala Esau, wala Yakobo. Uyasome maumri haya kama tarakimu halisi au kama ishara, mwandishi hakuficha gharama: anasema kwamba Isaka, alipomwoa Rebeka, ndipo alipofarijika baada ya kufiwa na mamaye. Miaka mitatu ya msiba, na aliyeilipia ni mtoto. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu cha mwaka 1984, alitumia mfano wa msichana anayezaa mapema mno kuonyesha ugumu wa kusema kuwa mtoto amedhulumiwa kwa wakati aliozaliwa. Ukiugeuza mfano huo unapata kwamba mtoto wa mama wa miaka 45 asingeweza kuzaliwa na mama huyohuyo akiwa na 25, angezaliwa mwingine. Kimantiki sioni kasoro. Ila mtoto wa darasa la sita anayemzika mama hahitaji kuthibitishiwa kwamba vinginevyo asingekuwapo, anahitaji mtu wa kwenda naye nyumbani.

Jibu bora zaidi Afrika Mashariki imelitoa kwa vitendo. UKIMWI ulipofagia wazazi Kagera, Rakai na Nyanza katika miaka ya 1980 na 1990, waliorudi kuwa mama ni mabibi wa miaka 55, 60, 70. Hata leo mama akiwa kazini Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, mtoto yuko kijijini kwa bibi yake, ambaye humwogesha, humpeleka zahanati na kuitwa shuleni mwalimu anapomtaka mzazi. Hakuna aliyewahi kusema mabibi hawa wanawaonea watoto kwa uzee wao. Mikono ya miaka 60 ikitosha kumlea mtoto aliyeachwa na wengine, haiwezi kukosa kutosha kwa sababu tu mtoto ni wake. Utaniambia: bibi hakuchagua, alipokea msiba. Ni kweli, na hapo ndipo tofauti ilipo. Aliyechagua anabeba wajibu mkubwa zaidi wa kupanga. Kitindamimba tuliyemtaja ana kaka wa kumlipia karo na dada wa kumwoza. Mtoto wa pekee wa mama wa miaka 48 hanao, kwa hiyo mama lazima amtafutie watu mapema, kama Maryamu alivyotafutiwa Zakaria. Amtaje mlezi, amfanye ajulikane kwa mtoto tangu utotoni na asiwe jina la kwenye karatasi tu. Aandike wosia, ili nyumba isije ikagombaniwa na wajomba na ba'mdogo mtoto akiwa bado anasoma. Apunguze chumvi na apime presha, kwa kuwa mwili wake si wake peke yake tena. Na amwambie mtoto umri wake wa kweli, hata pale anapoona haya kuitwa bibi mbele ya lango la shule.

Kuna atakayesema kwamba haya ni masharti mapya, na kwamba hakuna anayemwekea mama wa miaka 22. Ni haki kulalamika hivyo, ila lawama ielekezwe inakostahili. Mama wa miaka 22 naye hufa, kwa uzazi, kwa bodaboda, kwa ugonjwa, na mtoto wake hubaki bila mlezi aliyetajwa, kwa sababu kila mtu alidhani muda upo. Mama wa miaka 48 hana dhana hiyo. Anajua tangu kliniki ya kwanza kwamba mtoto aliyemo tumboni hakuahidiwa mama wa milele, na akiandika jina la mlezi kabla mtoto hajaanza kutambaa, anafanya jambo ambalo yule wa miaka 22 alipaswa kulifanya pia, ila hakuna aliyemwambia.